Dorothy Paget: kwa nini aliacha magari akabaki na farasi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi na baba kwenye gereji yake hapa Shimanzi. Juzi mteja alituonyesha kwenye simu picha ya Bentley ya zamani, ya kijani, yenye mtambo mkubwa uliotokeza mbele ya rejeta. Akasema gari hilo lililipiwa na mwanamke tajiri ambaye pia alikuwa na farasi bora wa mbio Uingereza. Baba akasema hizo ni pesa za kumwaga baharini. Mwanamke huyo ni nani? Pesa alizitoa wapi, kwa nini aliacha magari akashika farasi, na je, alipata faida? Nauliza pia kwa sababu kaka yangu anashindana na gari na anatafuta mdhamini.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwanamke huyo ni Dorothy Paget. Alizaliwa London Februari 1905, akafariki Februari 1960 kabla ya kutimiza miaka 55. Aliyowaambia mteja wenu ni kweli: ndiye aliyelipia zile Bentley, na ndiye aliyekuwa mwenye Golden Miller, farasi aliyechukua mwaka 1934 vikombe viwili ambavyo mpaka leo hakuna farasi mwingine aliyevichukua pamoja ndani ya mwaka mmoja. Na baba yako naye hakukosea sana. Ukimpigia hesabu kwa daftari la duka, Paget alipoteza. Lakini umeuliza kwa nini aliacha magari, na hapo ndipo penye jambo. Nitakaa hapo zaidi, maana kaka yako atafaidika napo kuliko na habari za utajiri wa mtu.

Pesa zenyewe zilitoka Marekani, upande wa mama. Baba yake, Almeric Paget, alikuwa Mwingereza aliyekwenda huko kijana, akamwoa Pauline Whitney, na baadaye mwaka 1918 akapewa cheo cha Lord Queenborough. Babu mzaa mama, William Collins Whitney, alikuwa waziri wa jeshi la majini la Marekani kuanzia 1885 hadi 1889, akatajirika na tramu za New York. Bibi yake alikuwa dada wa Oliver Payne, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Basi ni nauli za tramu na mafuta ya taa. Mama yake alifariki mwaka 1916, Dorothy akiwa na miaka 11, na urithi ukamfikia akiwa bado binti mdogo.

Farasi pia hakuwakutia ukubwani. Yule babu alikodi farasi aitwaye Volodyovski akashinda naye Derby ya Epsom, mbio maarufu kuliko zote za farasi Uingereza, mwaka 1901. Baba yake alishinda 2000 Guineas, mbio nyingine kubwa, kule Newmarket mwaka 1922 kwa farasi wake St Louis. Nyumba ile ilizungumza farasi mezani.

Shuleni hakukalika. Alifukuzwa moja baada ya nyingine, akaishia Paris katika shule ya binti wa kifalme wa Kirusi aliyekimbia mapinduzi ya 1917. Jambo hili watu hulipita haraka, mimi naliona kubwa. Mwaka 1927, akiwa na miaka 22 tu, Paget alilipia nyumba ya kuwatunza wazee wa Kirusi waliokuwa wakimbizi, mahali paitwapo Sainte-Geneviève-des-Bois, kusini mwa Paris. Jirani na nyumba hiyo yakakua makaburi ya Warusi, na huko ndiko alikozikwa Ivan Bunin, mwandishi aliyepata Nobel mwaka 1933, na baadaye mcheza dansi Rudolf Nureyev. Kabla ya Bentley na kabla ya farasi wake yeyote mkubwa, alikuwa tayari amejua kutoa pesa kwa watu ambao hawangemrudishia chochote.

Sasa gari. Wewe ni mtu wa gereji, kwa hiyo nitakueleza kama fundi.

Bentley walikuwa na gari la lita nne na nusu, silinda nne. Lilikuwa imara, lakini kufikia mwaka 1928 lilianza kupitwa. Dereva mmoja, Sir Henry Birkin, ambaye wenzake walimwita Tim, aliamini kwamba dawa ni kulifunga supachaja. Huo ndio mtambo mliouona kwenye picha. Ndani yake mna mihimili miwili inayozunguka ikiwa imeshikana, inaisukuma hewa pamoja na petroli kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Tabo ya magari ya siku hizi huzungushwa na moshi wa egzosi. Huu ulizungushwa moja kwa moja na ncha ya mbele ya kranki, ndiyo maana ukawekwa mbele ya rejeta, chini, kati ya mihimili ya chasisi. Kabureta mbili zilining'inia ubavuni mwake. Aliyeubuni aliitwa Amherst Villiers. Gari la kawaida la lita nne na nusu lilitoa nguvu farasi 110. La mbio lenye supachaja likafika 240.

Mwenye jina la kampuni, W. O. Bentley, hakuutaka mtambo huo hata kidogo. Kwake yeye, ukitaka nguvu zaidi unatengeneza injini kubwa zaidi, huibani ndogo ikatoa isichoweza kukibeba. Lakini kampuni ilikuwa mikononi mwa mwenye pesa, Woolf Barnato, mtoto wa tajiri wa almasi za Kimberley, Afrika Kusini. Barnato aliridhia. Na kwa kuwa kanuni za Le Mans, mashindano ya saa 24 ya Ufaransa, zilitaka gari liwe limetengenezwa kwa wateja wa kawaida, yakaundwa 50 ya kuuza, ukiacha yale ya mbio.

Birkin alitoka katika familia tajiri, lakini pesa zake zilikauka haraka. Ndipo Paget alipoingia, mwaka 1929. Alipenda kasi, na aliwahi kushindana mwenyewe kwenye uwanja wa Brooklands kwa jina la kujificha. Akainunua timu, akalipia karakana ya Welwyn Garden City, mafundi, spea, safari na kila kitu.

Angalia walichopata. Juni 1930, Le Mans, saa 24. Paget alileta magari yake. Kampuni ya Bentley ikaleta yake ya lita sita na nusu, yasiyo na supachaja. Na Rudolf Caracciola akaja na Mercedes nyeupe yenye supachaja, gari lililoogopwa na kila mtu. Birkin akaanza kumkimbiza Caracciola tangu mwanzo. Kwenye ile barabara ndefu iliyonyooka ya Mulsanne alimpita tairi lake likiwa limeshaanza kuchanika, magurudumu ya upande mmoja yakiwa nje ya lami, kwenye majani. Mercedes ililazimika kutumia nguvu zake zote kumjibu, na usiku ikatoka mashindanoni. Magari ya Paget nayo yakafa, yote. Aliyeshinda ni Barnato mwenyewe na Glen Kidston, kwa lile gari kubwa la W. O. lisilo na mtambo wowote mbele. (Katika mbio hizo hizo Wafaransa wawili, Marguerite Mareuse na Odette Siko, walikuwa wanawake wa kwanza kuendesha Le Mans, walimaliza wa saba na Bugatti yao. Mwambie baba hilo.)

Septemba ya mwaka huo Birkin aliipeleka Bentley kwenye Grand Prix ya Ufaransa huko Pau, gari zito la barabarani likipambana na Bugatti ndogo nyepesi. Akashika nafasi ya pili nyuma ya Philippe Etancelin. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo siku bora ya gari hilo. Lakini ni nafasi ya pili. Bentley zenye supachaja hazikuwahi kushinda mashindano makubwa hata moja. Oktoba 1930 Paget akafunga mfuko. Alibakisha gari moja tu, la kiti kimoja, ambalo Birkin alilitumia mwaka 1932 kuweka rekodi ya Brooklands ya kilomita 222 kwa saa. Mwaka uliofuata Birkin akafariki. Kampuni ya Bentley yenyewe ilikuwa imeanguka mwaka 1931 na kununuliwa na Rolls-Royce.

Wengi huandika kwamba Paget alichoshwa na kushindwa. Mimi siamini kwamba hilo peke yake linatosha, kwa sababu kwenye farasi alishindwa mara nyingi zaidi na hakuondoka kwa miaka 30. Tazama alikuwa amesimama wapi katika kila mchezo.

Magari ya mbio enzi zile yalivaa rangi ya nchi. Waingereza kijani, Wafaransa buluu, Waitaliano nyekundu, Wajerumani nyeupe. Jina la mdhamini halikuandikwa ubavuni. Ruhusa ya matangazo kwenye mashindano makubwa ya Ulaya ilikuja mwaka 1968, ndipo Lotus walipoyapaka magari yao rangi za pakiti ya sigara. Kwa hiyo Paget alilipa bili zote, gari likawa kijani cha Uingereza, na watu wakaliita gari la Birkin. Hata leo linaitwa hivyo. Ndoto ilikuwa ya Birkin, uamuzi wa mitambo ulikuwa wa Birkin na Villiers, sifa za uwanjani zilikuwa za Birkin. Kilichokuwa cha Paget ni hundi.

Kwenye farasi mambo ni kinyume kabisa. Farasi hukimbia kwa rangi za mwenyewe. Mpanda farasi, awe maarufu namna gani, anavaa shati lililosajiliwa kwa jina la mmiliki. La Paget lilikuwa buluu na njano. Jina la mmiliki linachapishwa kando ya jina la farasi kwenye orodha ya siku. Farasi akishinda, mmiliki ndiye anayeshika hatamu na kumwingiza kwenye uwanja wa washindi, na kikombe anapewa yeye. Na kuna jambo la pili lililo zito zaidi: gari likichoka linakwenda kwa watu wa skrepa, farasi jike akiacha mbio anazaa.

Mwaka 1931 alinunua farasi wawili kwa pamoja, Golden Miller na Insurance, kwa pauni 12,000. Sijui ununuzi mwingine wa mbio za kuruka viunzi uliolipa namna hiyo. Insurance alishinda Champion Hurdle, mbio kubwa za viunzi vifupi, ya Cheltenham, Uingereza, mwaka 1932 na 1933. Golden Miller, farasi wa Ireland ambaye alipokuwa mtoto aliuzwa kwa gini 100 tu (pauni 105), alishinda Gold Cup ya Cheltenham miaka mitano mfululizo, kuanzia 1932 hadi 1936. Machi 1934 alishinda Gold Cup, kisha ndani ya mwezi huo huo akaenda Aintree, karibu na Liverpool, kwenye Grand National: zaidi ya kilomita 7, viunzi 30, mgongoni kilo 77. Alimaliza kwa dakika 9 na sekunde 20.4, rekodi ya wakati ule. Gold Cup inataka farasi mwenye kasi na anayeruka safi. National inataka farasi mvumilivu asiyetishwa na msongamano wala viunzi virefu. Kumpata mmoja mwenye vyote viwili ni nadra. Alikimbia mara 52 katika maisha yake, akashinda 28.

Hapa pia ndipo kasoro ya Paget inapoonekana, na sitaificha. Mwaka 1935 Golden Miller alirudi Aintree akitarajiwa kushinda kuliko farasi yeyote kabla yake. Kama wiki mbili nyuma alikuwa ameshinda Gold Cup kwa taabu kubwa dhidi ya Thomond II, farasi wa binamu yake Paget, Jock Whitney. Alikuwa amechoka. Kabla hajafika nusu ya njia alijikunja kwenye kiunzi, mpandaji Gerry Wilson akamtoka mgongoni. Kesho yake wakamkimbiza tena, kwenye mbio nyingine, akamwangusha mpandaji kwenye kiunzi cha kwanza. Paget akamtafuta wa kulaumiwa, akagombana na mkufunzi Basil Briscoe, mtu yule yule aliyemfunza Golden Miller tangu mwanzo, na farasi wakahamishwa zizi. Huo ndio ulikuwa mtindo wake. Aligombana na wakufunzi, aliwapigia simu usiku wa manane, alilala mchana na kula chakula cha jioni alfajiri. Wakufunzi wazuri walichoka. Farasi hana kinywa cha kusema amechoka, ana mkufunzi wake tu, na mmiliki asiyemsikiliza mkufunzi anamwumiza mnyama.

Hata hivyo hakuondoka. Kwa jumla alishinda Gold Cup mara saba na farasi watatu, wa mwisho akiwa Mont Tremblant mwaka 1952. Na mwaka 1943, vita vikiendelea, akashinda Derby yenyewe na Straight Deal. Sisi wa Mombasa tuna cha kutazama hapo. Derby ile ilikimbiwa Newmarket badala ya Epsom kwa sababu ya vita, na farasi wa pili na wa tatu, Umiddad na Nasrullah, wote walikuwa wa Aga Khan wa tatu, yule yule ambaye jina lake tunalisoma kwenye hospitali na shule za hapa mjini. Aga Khan alishinda Derby mara tano katika maisha yake na alikuwa na farasi bora duniani. Siku hiyo Paget aliwapita wake wawili. Na Straight Deal hakumnunua. Alizaliwa kwake, kwa jike wake mwenyewe. Hilo magari yasingempa hata angekaa nayo miaka 100.

Mwaka 1946 alinunua shamba la kuzalisha farasi Ireland, Ballymacoll. Alipofariki liliuzwa pamoja na majike yake, na chini ya wenyewe wapya likaendelea. Troy, aliyeshinda Derby ya 1979, ni zao la Ballymacoll.

Kwa farasi alikuwa na jambo jingine ambalo nadhani lilimfaa mwanamke kama yeye. Uingereza ya wakati huo mwanamke aliweza kuwa mmiliki, lakini leseni ya mkufunzi haikutolewa kwa mwanamke hadi mwaka 1966, baada ya Florence Nagle kwenda mahakamani. Hapa Kenya Beryl Markham alishapata yake mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa msichana. Kwa hiyo Paget, hata angetaka kuwafunza farasi wake mwenyewe, mlango ulikuwa umefungwa. Umiliki ndio kiti pekee kilichokuwa wazi, akakikalia kikamilifu.

Faida? Hakupata. Farasi walileta zawadi nyingi sana: alishinda mbio 1,532. Kilichokula pesa ni kamari. Aliweka dau kubwa kila siku, na waliomjua wameeleza kwamba kampuni iliyopokea madau yake ilimruhusu kucheza jioni, akiamka, kwa mbio zilizokwisha kukimbiwa mchana, kwa kumwamini kwamba hajasikia matokeo. Walimwamini kwa sababu alipoteza mara nyingi. Hizo ndizo pesa za baharini anazozisema baba yako. Zile za Birkin sizihesabu humo: gari la kiti kimoja alilolibakisha liliuzwa kwenye mnada Uingereza mwaka 2012 kwa zaidi ya pauni milioni 5, ingawa si yeye aliyezipokea.

Sasa kaka yako. Mdhamini wa leo yuko tofauti na Paget kwa jambo moja kubwa: anaruhusiwa kuonekana. Basi muuzieni huko kuonekana, msimwombe msaada. Kaka aandike karatasi moja yenye picha ya gari, mashindano atakayokwenda msimu huu na mahali yanapofanyika, matokeo ya mwaka uliopita hata kama ni mabaya, na jina la mdhamini litakaa wapi: mlangoni, boneti, au kwenye nguo za mafundi. Aandike pia bei ya kila mashindano, matairi na mafuta yakiwemo, na kiasi cha akiba gari likivunjika. Mifuko ya watu huwa migumu pale gharama zinapokosa mwisho, na za Birkin hazikuwa na mwisho. Wewe na baba mpige hesabu ya spea, maana mnazijua bei kuliko kaka.

Msikimbilie makampuni makubwa ya Nairobi kwanza. Nendeni kwa maduka mnayonunua spea kila wiki, wauzaji wa matairi, na wenye yadi za magari kutoka Japani. Wanawajua, wanajua mnalipa, na gari likiegeshwa mbele ya duka lao Jumamosi kabla ya mashindano, wateja watalisogelea. Mtakaposafiri, mpeni mdhamini nafasi ya kuja na kusimama nanyi kwenye eneo la mafundi, avae fulana ya timu, apige picha na gari. Na kabla hamjachukua hata shilingi, mwulizeni atafanya nini kaka akikosa kumaliza mashindano mawili mfululizo. Jibu lake liandikwe kwenye mkataba, na wote wawili watie sahihi.